Safu ya Fundi: Injini za Kijapani na Vumbi la Afrika Mashariki

Pasaka ya mwaka 1973, magari mawili ya Datsun yalimaliza East African Safari Rally yakiwa na alama za adhabu sawasawa. Moja lilikuwa 240Z la Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala. Jingine lilikuwa 1800 SSS la Harry Källström kutoka Sweden. Mehta alipewa ushindi kwa sababu ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Miezi michache nyuma, Agosti 1972, Idi Amin alikuwa ametangaza kuwafukuza Waasia nchini Uganda, na akina Mehta, wenye mashamba na kiwanda cha sukari huko, walikuwa miongoni mwa waliofukuzwa. Kwa hiyo ushindi ule ulikuwa na uzito kuliko kombe lenyewe.

Ukifungua orodha ya washindi wa mbio hizo utakuta safu ya mwaka, safu ya dereva, safu ya msomaji ramani na safu ya gari. Safu ya fundi haimo. Aliyesawazisha kabureta saa nane za usiku kando ya barabara, aliyebadilisha gasketi kwa mwanga wa tochi, hakuandikwa. Makala hii inahusu safu hiyo isiyokuwapo, na hasara tuliyoipata kwa kutokuwa nayo.

Naandika nikiwa Likombe, katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, mbali na Nairobi zilikoanzia sifa za Safari. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, aliyetoka Dar es Salaam kuja kusini aliuvuka mto Rufiji kwa kivuko, na masika yakichachamaa barabara ilikatika kabisa. Huku injini hazikuletwa na mashindano. Zilikuja kwa wingi na mpango wa karanga, ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947 na kuuvunja mwaka 1951. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea ilijengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda bara. Kwa ajili ya mpango huohuo, vifaru vya Sherman vilivyobaki baada ya vita viligeuzwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Bandari ipo hadi leo. Reli iling'olewa baada ya uhuru. Somo lililobaki ni kwamba mashine iliyobuniwa kwa udongo wa kwingine haina budi kufundishwa udongo wa hapa, na mwalimu wake ni fundi.

Wajapani walilipata somo hilo kwa njia yao. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Nissan walileta magari yao mwaka 1963, mwaka ambao magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Ya Nissan hayakuwamo katika hayo saba. Hawakukata tamaa. Yasuharu Nanba, aliyekuwa ameendesha Datsun katika mbio za kuizunguka Australia mwaka 1958, akawa miongoni mwa walioongoza juhudi za kampuni hiyo huku kwetu. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka 1971 wakashinda tena, safari hii kwa 240Z, na Mehta akawa wa pili kwa gari la aina hiyohiyo.

Kuna nini ndani ya injini hiyo? Ya 240Z huitwa L24. Ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa cc 2,393. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu, hedi ni ya aluminiamu, na hupewa mchanganyiko na kabureta mbili za Hitachi zilizofuata muundo wa SU wa Kiingereza. Ni ndugu wa L16 iliyokuwa katika 1600 SSS: kipenyo cha silinda ni kilekile, mm 83, na kamshafti imekaa juu ya hedi ikizungushwa kwa mnyororo. Fundi aliyezoea kuifungua Datsun ya mwalimu au ya mfanyabiashara hakuwa mgeni akikutana na gari la mbio. Undugu huu ndio uliofanya ujuzi wa mashindano na ujuzi wa mtaani ukae chini ya paa moja.

Watu wengi hudhani kuongeza ujuzi kwenye injini ya gari la mbio ni kuongeza nguvu tu. Katika Safari nguvu ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kuifanya injini ivumilie. Njia zilipanda kutoka usawa wa bahari hadi nyanda za juu za Kenya zinazozidi mita 2,000. Kila unapopanda mita 1,000, hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia 10. Kabureta iliyosawazishwa pwani, ikifika juu, hutoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo: gari hutoa moshi mweusi, hukosa nguvu, na plagi ukizitoa utazikuta na masizi. Iliyosawazishwa juu, ikishuka pwani, huwa na hewa nyingi na petroli kidogo. Injini hupata joto kupita kiasi, huanza kugonga, na plagi hutoka nyeupe kama chokaa. Rangi inayotafutwa ni ya kahawia, kama chai iliyotiwa maziwa kidogo. Fundi husoma plagi kama daktari anavyoangalia ulimi wa mgonjwa.

Kisha kuna joto. Chuma na aluminiamu havitanuki kwa kiwango kimoja. Gari likichemsha, hedi hupinda, gasketi huachia, na maji huingia yasikotakiwa. Dalili zake kila fundi anazijua: mapovu kwenye rejeta, moshi mweupe usiokoma, oili iliyobadilika rangi kama uji wa maziwa. Dawa yake ni kuichonga hedi hadi inyooke. Lakini dawa hiyo ina madhara, maana hedi ikipungua unene, chumba cha kuchomea hupungua nacho na mgandamizo hupanda. Mgandamizo ukipanda, petroli duni hulipuka kabla ya wakati wake. Kwa hiyo aliyechonga hedi hulazimika kuweka gasketi nene zaidi au kurudisha taimingi nyuma kidogo. Hapo fundi wa mtaani anakuwa amebadilisha muundo wa injini, ingawa mwenyewe atakwambia kwamba ametengeneza tu.

Wa kumtazama zaidi hapa ni Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, katika familia iliyokuwa na gereji, akakua na spana mkononi kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer 1600 GSR, gari lenye injini ya cc 1,597 tu. Mwaka huo wa 1976 Lancer zilichukua nafasi zote tatu za kwanza. Injini ndogo ilifika kwa sababu aliyeishika usukani alikuwa anaisikia. Jina lake tunalo kwa kuwa alikuwa dereva. Angebaki gereji asingeandikwa.

Na gereji za namna ile zilikuwa nyingi. Katika Kiswahili cha mitaani neno Kalasinga, yaani Singasinga, lilikuja kunuka oili na grisi, kwa jinsi jamii hiyo ilivyojulikana kwa kazi za karakana na seremala. Vijana wa Kiafrika walijifunza humo, mara nyingi wakianza kwa kuosha vyuma na kushika taa. Mpangilio huo haukuwa wa usawa. Kijana alilipwa kidogo, na siri nyingine alifichwa. Lakini mikono ilikuwa ikijifunza. Halafu, ndani ya miaka michache, walimu wengi wakaondoka: Uganda kwa amri ya Amin, Tanzania baada ya majumba ya kupangisha kutaifishwa mwaka 1971. Gereji nyingi zikabaki na wanafunzi.

Wanafunzi hao walikutana na miaka migumu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Safari Rally ikabaki Kenya, ambako Mehta alishinda mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, akiwa bado kwenye Datsun. Upande wetu vita vya Kagera na bei ya mafuta vilikuwa vimekausha fedha za kigeni. Spea zikaadimika. Gasketi ya pampu ya maji ilikatwa kwa karatasi nene: unailaza juu ya chuma, unagongagonga kingo kwa nyundo ndogo, nayo inajikata yenyewe kwa umbo lake. Plagi zilipigwa brashi na kurudishwa. Ringi za gari bovu zilihamia gari zima. Bidhaa zilipofunguliwa milango kuanzia mwaka 1984, na zaidi katika awamu ya Mzee Mwinyi, magari yaliyotumika Japani yalianza kumiminika na kukuta kizazi cha mafundi kilichojifunza kutengeneza bila kununua.

Ni hapa ambapo sifa zetu zinahitaji kutiwa breki. Fundi mmoja wa Likombe alinionyesha kopo lililojaa vidude vya shaba vyenye springi. Zilikuwa themostati, kila moja imetolewa kwenye injini ya mteja.

"Hii ni ya nchi za baridi, mwanangu," aliniambia. "Inazuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto. Sisi huku baridi tunaitoa wapi?"

Hoja yake ina historia. Katika Datsun ya kabureta, rejeta ikiwa imeziba nusu na themostati mpya haipatikani, kuitoa ile iliyokwama kuliokoa hedi. Uamuzi ule ulikuwa sahihi kwa siku ile. Lakini mazoea yalihamia kwenye injini za Toyota za miaka ya 1990, na hizo zinafikiri kwa namna nyingine. Zina kompyuta inayosoma joto la maji ili kupima petroli. Themostati ikitolewa, maji yanaweza yasifikie joto linalotakiwa, hasa kwenye safari ndefu, na kompyuta ikaamini injini ni ya baridi. Inamwaga petroli zaidi. Mteja analalamika gari linakunywa mafuta, plagi zinakuwa nyeusi, silinda zinalika mapema. Kilichokuwa tiba kimegeuka ugonjwa, na hakuna aliyeandika lini wala kwa nini.

Fundi huyohuyo, saa hiyohiyo, alifanya jambo lililonishangaza. Alifungua kisanduku cha plastiki karibu na injini ya Mark II, akaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, akawasha swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini kwenye dashibodi ikaanza kukonyeza. Akahesabu kwa midomo: mbili, kimya, mbili. Ishirini na mbili, yaani hitilafu ya kitambuzi cha joto la maji au waya zake. Hakuwa na mashine ya uchunguzi. Alikuwa na waya wa sentimita kumi na kumbukumbu ya namba alizofundishwa kwa mdomo.

Mtu mmoja, ujuzi wa aina mbili: mmoja umepitwa na wakati na mwingine ungali hai, na yeye mwenyewe hana pa kuutofautishia. Kwa kawaida tunapowatetea mafundi tunadai heshima, na heshima wanastahili. Lakini kutoandikwa kunawanyima kitu kingine pia, nacho ni kusahihishwa. Dereva anayeandikwa anaweza kuhojiwa na kupingwa, na anayemfuata huanzia pale alipoishia. Fundi asiyeandikwa anasifiwa akifa, kisha kosa lake na hekima yake vinarithiwa katika mfuko mmoja.

VETA wamekuwa wakiwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti. Ni hatua njema, maana inamfungulia kijana mlango wa ajira. Lakini cheti husema fundi anajua. Hakisemi anajua nini ambacho kitabu hakina. Kinachohitajika zaidi ni madaftari: gari gani, dalili gani, nilifanya nini, lilirudi lini. Kwa sisi wanafunzi wa historia, daftari la namna hiyo lingekuwa nyaraka yenye thamani sawa na faili lolote la wilaya.

Toyota Celica ilishinda Safari mwaka 1990, na tena kila mwaka kuanzia 1992 hadi 1995, ikitumia injini ya familia ya 3S. Ndugu mpole wa injini hiyo, 3S-FE, ndiye aliyefungwa kwenye Noah nyingi za kizazi cha kwanza, gari ambalo Tanzania imelipakia abiria na mizigo kwa miaka. Kupanda nalo Uwanda wa Makonde kuelekea Newala, limejaa, jua likiwaka na vumbi jekundu likiingia hadi kwenye kichujio cha hewa, nako ni mbio za uvumilivu. Hakuna bendera wala kombe. Abiria wakifika salama hushuka, humlipa kondakta na kwenda zao, na dereva hulipeleka gari kwa fundi akaangalie kwa nini lilikuwa linachemsha.