Introvati: mtu wa faragha katika jumuiya

Introvati ni mtu ambaye nafsi yake huelekea ndani. Hupata nguvu akiwa peke yake au na watu wachache, na huchoka akikaa muda mrefu katika kundi, hata kundi analolipenda. Istilahi hii ilienezwa na Carl Gustav Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi, katika kitabu chake Psychologische Typen cha mwaka 1921, nayo imeundwa kwa maneno mawili ya Kilatini: moja lina maana ya ndani, jingine kugeuza. Kinyume chake ni ekstrovati, anayechangamshwa na watu. Jung hakuwagawa binadamu mafungu mawili. Alieleza kwamba kila mtu ana mielekeo yote miwili, ila mmoja humtawala.

Kinondoni na Temeke, jijini Dar es Salaam, mtu wa namna hii huitwa mkimya, mpole, mwenye aibu au mpweke. Asipopendwa, husemwa kwamba hajichanganyi, anajitenga, anaringa. Hakuna hata neno moja kati ya hayo linalolenga maana ya Jung. Ukimya ni jambo la nje tu, kwa kuwa introvati wengi huzungumza sana wakiwa na rafiki mmoja au wawili. Aibu ni hofu ya macho ya watu, na introvati anaweza kuhubiri mbele ya umati bila kutetemeka, kisha akatamani kukaa kimya siku nzima. Mpweke amekosa watu. Introvati huenda anao wa kumtosha. Kujitenga ndilo neno linaloumiza zaidi, hasa kanisani, kwa sababu ndani yake tayari kuna hukumu: aliyejitenga ameacha kusanyiko, jambo ambalo Waraka kwa Waebrania 10:25 unalikataza.

Tafsiri iliyo karibu zaidi ni mtu wa faragha. Faragha limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwa tupu, kuwa bila shughuli. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 inalitumia katika Marko 6:31, Yesu anapowaalika mitume waliochoshwa na msongamano wakapumzike. Hapo faragha si kosa wala ugonjwa, bali ni haja ya watu waliofanya kazi. Kasoro ya neno hili ni kwamba katika mazungumzo ya leo mambo ya faragha mara nyingi ni yale ya chumbani mwa mke na mume, kwa hiyo mwandishi atakayelitumia kwa introvati anapaswa kulifafanua mara ya kwanza. Hata hivyo linabaki bora kuliko mengine, kwa kuwa linataja anachokihitaji mtu bila kumtafutia lawama.

Kiswahili cha pwani kilikuwa na neno la jirani kabla ya saikolojia kufika. Kutawa ni kukaa ndani, kujihifadhi na macho ya watu, na utawa ukabeba pia maana ya uchaji. Wakatoliki walilichukua, wakawaita mabruda na masista watawa. Anayeishi peke yake kwa sala wakamwita mkaapweke. Historia ya Kanisa inawajua wote wawili. Antoni wa Misri aliishi jangwani peke yake miaka mingi mwishoni mwa karne ya 3, na katika karne ya 4 Pakomi akawakusanya watawa katika nyumba moja, yenye kazi na sala za pamoja. Wabenediktini waliofungua misheni ya Pugu, nje ya Dar es Salaam, mwaka 1888, walifuata njia hiyo ya pili, ambayo ndani yake kuna saa za ukimya zinazomlinda kila mmoja na wenzake.

Lakini introvati wa Mbagala au Tandale si mtawa. Ana watoto, kazi na majirani, na linalomfaa zaidi ni kitenzi kilichomo katika Luka 5:16 ya Union Version: kujiepua. Kuepua ni kuondoa sufuria motoni. Chakula kilichoepuliwa hakijaondoka jikoni, kinangoja kupakuliwa. Ndivyo mlolongo wa sura hiyo ulivyo: umati unakuja kusikia na kuponywa, Yesu anajiepua akaombe, na aya inayofuata inamkuta akifundisha tena. Namna kitenzi kilivyotumika inaonyesha mazoea, si tukio la mara moja.

Upande wa pili wa mizani ni jumuiya. Mwaka 1973 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika shirikisho lao la AMECEA, waliamua mjini Nairobi kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya vikundi vya watu wanaoishi mahali pamoja. Mkutano wa 1976 ukalifanya hilo kipaumbele cha kichungaji. Vikundi hivyo ndivyo Jumuiya Ndogo Ndogo. Dar es Salaam kaya za majirani hukutana kila wiki, mara nyingi Jumamosi asubuhi na mapema, wakipokezana nyumba. Husoma Injili, hutafakari, huchangia mgonjwa. Anayetaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa hutakiwa kutambulika kwanza kwenye jumuiya yake. Walutheri nao wana jumuiya za nyumbani, na makanisa ya Kipentekoste yana mikesha, vipaza sauti, na agizo la kumgeukia jirani umwambie neno.

Ugumu wa faragha katika mitaa ya Dar es Salaam huanza nyumbani. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba vilivyopangana pande mbili za ukumbi, mara nyingi sita, na kila kimoja huweza kuwa na familia yake ya wapangaji. Jiko na choo viko uani, kwa wote. Mathayo 6:6 inaagiza kuingia chumba cha ndani na kufunga mlango, lakini anayelala chumba kimoja na mwenzi na watoto watatu hana chumba cha ndani zaidi ya hicho. Ndiyo maana wengi huomba alfajiri kabla ya foleni ya maji na daladala, au hubaki kanisani baada ya misa ya asubuhi, au hungoja mafungo ya Kwaresima. Parokia inayoacha mlango wazi mchana, bila kwaya kufanya mazoezi ndani, inawatendea watu hawa jambo kubwa kuliko inavyodhani.

Jumuiya yenyewe, kwa kuwa ni ndogo, humfaa introvati kuliko ibada ya maelfu. Kinachomchosha ni kulazimishwa: kusimamishwa ajitambulishe, kudaiwa ushuhuda papo hapo. Akipewa ukatibu, au akitumwa na mwenzake mmoja kumtembelea mgonjwa, hushiriki kikamilifu. Msibani hali ni njema zaidi, kwa maana aliyekaa chini ya turubai usiku kucha bila kusema neno, au aliyeosha vyombo uani, huhesabiwa kuwa amefika. Mwanateolojia Mjerumani Dietrich Bonhoeffer, katika kitabu chake cha mwaka 1939 kuhusu maisha ya pamoja, alionya pande zote mbili: asiyeweza kuwa peke yake ajihadhari na jumuiya, na asiyeweza kuishi na jumuiya ajihadhari na upweke.

Onyo hilo la pili linahitaji kipimo. Mtu wa faragha hurudi: akikosa mkutano mmoja, rafiki zake wawili wanajua alipo, na moyo wake umetulia. Aliyeacha hata hao wawili, asiyelala wala kula vizuri, aliyepoteza hamu ya sala aliyoipenda, huenda ana sonona, na huyo anahitaji kutembelewa na kupelekwa kwa mganga wa hospitali.