Sikio la mchuuzi halina akiba
Katika Soko la Toi, pembezoni mwa Kibera jijini Nairobi, wauza mitumba hunadi nguo kwa sauti ya juu kutwa nzima. Sauti huingia sikioni na kutikisa kiwambo, kisha mifupa mitatu midogo huupeleka mtikisiko huo kwenye koklea, mrija uliojikunja mfano wa konokono. Humo, seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo huugeuza kuwa ishara ziendazo ubongoni.

Seli hizo zikifa, hazioti tena. Kelele inayozidi desibeli 85 kwa saa 8 kila siku yaweza kuziua polepole, bila maumivu. Masikio yakivuma jioni, hiyo ni dalili: yapumzishwe, kabla mchuuzi hajashindwa kusikia bei anayotajiwa na mteja.