Vigae, debe na bati: mapaa ya Dar

Wiki hii nimezama kwenye historia ya mapaa. Mimi ni mwalimu mtarajiwa, na siku moja mwanafunzi ataniuliza kwa nini Kanisa la Azania Front lina vigae vyekundu halafu nyumba za Kiswahili za Kariakoo hazina.

Kwanza neno lenyewe. Kigae ni kipande cha chungu kilichovunjika, bibi zetu wanalijua hilo. Cha paa nacho ni udongo uliochomwa tanuruni. Aina ile ya kushikana, kimoja kinamng'ata mwenzake, ilibuniwa na ndugu wa ukoo wa Gilardoni huko Alsace, Ufaransa, mwaka 1841. Mwaka 1865 wamisionari wa Basel wakafungua kiwanda Mangalore, India, na mzigo wake ukavuka bahari mpaka Afrika Mashariki.

Hapa Dar, sheria ya ujenzi ya Wajerumani ya 1891 iligawa mji: upande wa mashariki lazima nyumba za Kizungu, wengine kivyao. Kwa hiyo paa lilikutaja wewe ni nani. Uzunguni vigae na bati, Kariakoo makuti, baadaye madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa.

Lakini jamani, tusilaumu sheria peke yake. Kigae kimoja kina kilo 2 na ushee, na mita moja ya mraba inakula kama 15. Piga hesabu: zaidi ya kilo 30! Bati halifiki hata 5. Ukuta wa miti na udongo unabebaje mzigo huo? Na mbao za kenchi atalipa nani? Ndiyo maana bati lilishinda, pamoja na joto lake la kukaanga watu mchana.

Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya Beda Amuli iliyozinduliwa 1975, lilikwepa vyote: miavuli ya zege inayokinga maji ya mvua. Hiyo kwangu ndiyo paa bora kuliko yote mjini, hata baada ya moto wa Julai 2021.

Siku hizi madukani kuna bati lililokunjwa lifanane na vigae, watu wanalichangamkia kweli. Wakati huohuo nyumba za zamani katikati ya mji zinavunjwa kupisha maghorofa, na vigae vyenyewe vinaishia kwenye kifusi. Kama mtaani kwenu, Kisutu au Gerezani, kuna paa la vigae bado limesimama, lipigeni picha jamani, tena wiki hiihii.