Umri wa chura haupimwi kwa ukubwa wa mwili

Mfugaji wa Isiolo akitaka kujua umri wa ng'ombe au ngamia humtazama meno. Kwa chura wa nchi kavu, yule mwenye ngozi iliyojaa vipele, njia hiyo haifai kwa kuwa jamii yake haina meno kabisa. Ukubwa wa mwili nao hudanganya.

Jamii hiyo, iitwayo Bufonidae kwa lugha ya kisayansi, ina spishi kadhaa katika maeneo kame ya kaskazini mwa Kenya. Mojawapo ni Sclerophrys turkanae, iliyopewa jina na wanasayansi mnamo 1985. Inajulikana kutoka sehemu chache tu, zikiwemo Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, na Mto Ewaso Ng'iro.

Mvua inyeshapo, jike hutaga majini maelfu ya mayai yaliyoungana mithili ya uzi wa shanga. Viluwiluwi huanguliwa baada ya siku chache, na baada ya wiki kadhaa hugeuka kuwa vyura wadogo sana. Tangu hapo hukua kwa kasi hadi wanapopevuka. Baadaye sehemu kubwa ya nguvu za mwili huelekezwa katika uzazi, na ukuaji hupungua mno. Ndiyo maana chura wa miaka mitatu na wa miaka sita waweza kutoshana kwa kimo. Aidha, majike kwa kawaida huwa wakubwa kuliko madume, hata wakiwa wa umri mmoja.

Kwa sababu hiyo, wataalamu hutafuta umri ndani ya mfupa. Msimu mgumu ufikapo, chura hujificha ardhini, hali, na mfupa wake husita kukua. Kusita huko huacha mstari, kama zilivyo pete za shina la mti. Mtafiti hukata ncha ya kidole kimoja, huondoa madini ya mfupa ili ulainike, huukata vipande vyembamba, huvitia rangi, kisha huhesabu mistari kwa hadubini. Chura huachiliwa akiwa hai. Elimu hii huitwa skeletokronolojia.

Hata hivyo, hesabu hiyo yahitaji uangalifu. Katika nchi za Ulaya, majira ya baridi huja mara moja kwa mwaka, hivyo mstari mmoja huhesabiwa kuwa mwaka mmoja. Isiolo hupata mvua za masika kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba, huku kila msimu ukifuatwa na kiangazi. Chura wa huku aweza basi kuweka mistari miwili kwa mwaka, na anayehesabu kwa kanuni ya Ulaya atamwongezea umri maradufu. Kwa upande mwingine, mfupa unapopanuka, mistari ya ndani huweza kufutika, na umri ukaonekana mdogo kuliko ulivyo. Dawa yake ni kuwatia alama vyura wachanga, kuwaachilia, na kuwakamata tena baada ya misimu kadhaa ili kuthibitisha hesabu.

Kazi hii si ya kujifurahisha kitaaluma tu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, kaskazini mwa Kenya ilikosa mvua za kutosha kwa misimu mitano mfululizo. Pale ambapo madimbwi hayakujaa, vyura hawangeweza kuzaliana. Waliobaki kando ya maji ya kudumu, kama vile chemchemi za Buffalo Springs, waweza kulia kwa wingi usiku na kumfanya msikilizaji aamini kuwa wote wako salama, ilhali ni wazee watupu.

Idadi peke yake, basi, haitoshi. Ni umri unaoonyesha iwapo kuna vijana wa kurithi mahali pa wazee, au iwapo ukame mmoja zaidi utawamaliza.