Fenolojia ya mimea

Fenolojia ya mimea (kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya "kuonekana" na "elimu") ni elimu kuhusu nyakati za matukio katika maisha ya mimea, kama vile kuota, kuchipua, kuchanua, kuzaa na kupukutisha majani. Inachunguza pia jinsi nyakati hizo zinavyowahishwa au kucheleweshwa na halijoto, mvua na urefu wa mchana.

Historia

Mwaka 1735 Mfaransa René de Réaumur alieleza kwamba ukuaji wa mmea unaweza kukadiriwa kwa kujumlisha joto la kila siku. Nchini Uingereza Robert Marsham alianza mwaka 1736 kuandika tarehe za dalili za majira ya kuchipua huko Norfolk, na familia yake iliendelea na kazi hiyo hadi 1958. Jina "fenolojia" lilitungwa na Mbelgiji Charles Morren mwaka 1849. Huko Kyoto, Japani, kumbukumbu za kuchanua kwa micheri zinaanzia karne ya 9.

Joto na baridi

Kazi nyingi ndani ya mmea huendeshwa na vimeng'enya, ambavyo hufanya kazi polepole penye baridi. Chini ya kiwango fulani ukuaji husimama. Kwa mahindi kiwango hicho huhesabiwa kuwa 10°C. Wataalamu huchukua wastani wa halijoto ya juu na ya chini ya siku, kisha hutoa 10. Mahali penye 30°C mchana na 20°C usiku mahindi hupata nyuzi 15 kwa siku. Penye 24°C na 12°C hupata nyuzi 8 tu. Tuseme aina fulani inahitaji jumla ya nyuzi 800 ili itoe mbelewele: mahali pa kwanza itachukua siku 54 hivi, pa pili siku 100. Ndiyo sababu mbegu ileile hukawia kukomaa katika nyanda za juu kuliko pwani.

Hata hivyo, joto likizidi mno hudhuru. Chavua ya mahindi huharibika likipita takriban 35°C. Mimea mingine, kama ngano ya majira ya baridi na mitofaa, huhitaji wiki kadhaa za baridi kabla ya kuchanua vizuri.

Mvua

Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, hivyo mara nyingi mvua ndiyo inayotoa ishara. Matumba ya kahawa aina ya arabika hupumzika wakati wa kiangazi, kisha huchanua kwa pamoja siku chache baada ya mvua ya kutosha. Mvua ikija kidogokidogo, mibuni huchanua kwa awamu, matunda huiva kwa nyakati tofauti, na mkulima hulazimika kuchuma mara nyingi zaidi.

Mabadiliko ya tabianchi

Mwaka 2021 micheri ya Kyoto ilifikia kilele cha kuchanua tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliowahi kuandikwa hadi wakati huo. Kuwahi huko kuna hatari zake. Nchini Ufaransa, mwezi uleule wa Machi ulikuwa na siku za joto zilizoamsha mizabibu na miti ya matunda. Jalidi ya Aprili ikaunguza machipukizi. Pia maua yanaweza kufunguka kabla ya wadudu wachavushaji kutokea.

Katika Afrika Mashariki, masika yakichelewa lakini yakaisha kwa wakati wake wa kawaida, mahindi yaliyopandwa kwa kuchelewa huchanua udongo ukiwa umeanza kukauka. Ukame wa wakati huo huchelewesha nywele za gunzi: chavua humwagika kabla hazijatokeza, na gunzi hubaki na mapengo. Kwa sababu hiyo, katika maeneo yenye mvua fupi hupendekezwa mbegu zinazokomaa mapema, hata kama uwezo wake wa mavuno ni mdogo kuliko wa zile zinazokaa shambani muda mrefu.