Kikaragosi, Si Pepo

Katika istilahi anazokutana nazo kijana wa Kidichi, kisiwani Unguja, anayeanza kuchora michezo ya kompyuta kwa pikseli, yaani vile vitone vya mraba vinavyoijenga picha kwenye skrini, hakuna iliyotendewa vibaya kama ile ya picha ndogo ya mhusika au kitu, inayowekwa juu ya mandhari na kusogezwa bila mandhari yenyewe kuchorwa upya. Wanaounda istilahi kwa kufungua kamusi ya lugha mbili, pasipo kuuliza kitu chenyewe kinafanya kazi gani, huishia kwenye pepo, kwa hoja kwamba neno la Kiingereza, sprite, limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya roho. Unguja pepo ana mahali pake, hupandishwa na hupungwa, na kumtaka mwanafunzi achore pepo wa karafuu ni kumvuruga kabla hajaanza. Spraiti ni soda. Kijipicha kimekwisha kupewa kazi ya picha inayoitangulia video.

Jina linalostahili ni kikaragosi. Asili yake ni Karagöz, jina la Kituruki linalounganisha kara, “nyeusi”, na göz, “jicho”, nalo ni la mhusika mkuu wa mchezo wa vivuli ambao, katika dola ya Uthmaniyya, ulienea hadi Misri, Tunisia na Ugiriki, na ambao mwaka 2009 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Sanamu zake ni bapa, hukatwa katika ngozi iliyolainishwa mpaka ikapitisha mwanga, hubanwa kwenye pazia jeupe lililowashiwa taa kwa nyuma, na huendeshwa kwa vijiti, ilhali pazia halibadiliki. Hapana sehemu ya maelezo hayo isiyoingia katika kompyuta. Chipu ya TMS9918 ya Texas Instruments, iliyotoka mwaka 1979, iliweza kuweka vikaragosi 32 juu ya mandhari, kila kimoja kikiwa na rangi moja tu, na pikseli zilizobaki zikiachwa wazi ili yaliyo nyuma yaonekane: kivuli kamili. Wanaokaa vikaoni wakatafuta roho ya Kilatini, na hali Kiswahili kimeshapokea kutoka Mashariki neno lililozaliwa mbele ya pazia lenye mwanga, wamelitupa lililo mkononi.

Pingamizi linalorudiwa ni kwamba karagosi ni kibaraka, mtu anayetumiwa na wengine, na kwa hiyo neno limechafuka. Pingamizi hili linashangaza likitoka kwa wataalamu, kwa sababu maana ya kutumiwa imetokana na maana ya kuendeshwa, nayo ndiyo inayotakiwa hapa: kikaragosi hakina hiari, huenda kinakopelekwa na kidole cha mchezaji. Tena ngeli ya KI-VI inatoa udogo bila kuongeza neno, na matumizi yanafuata kwa wepesi: kikaragosi kinaruka, vikaragosi vinagongana, karatasi ya vikaragosi, yaani picha moja iliyopangiwa mikao yote ya mhusika ili programu ikate mkao mmoja mmoja.

Kwa anayeanza, inatosha kusema kwamba uwanja wa pikseli 16 kwa 16, ambao ni pikseli 256, na rangi nne zinatosha kwa kikaragosi cha karafuu, kichwa cha duara juu ya mguu mwembamba. Umbo lijazwe kwanza kwa rangi moja mpaka litambulike, ndipo vivuli viongezwe. Akitaka kielelezo kigumu zaidi, ziko nakshi za chokaa katika hamamu ya Kidichi, aliyoijenga Sayyid Said bin Sultan mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, ambamo mafundi wake walikwisha kuyapunguza maua hadi mistari michache, na programu ya kuchora kama Aseprite humwonyesha mara moja ni mistari mingapi kati ya hiyo inayosalia katika pikseli 16.