Pikipiki zisizo na breki

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Keza, wilayani Ngara, kwa shughuli za kifamilia. Jioni moja nikapita kijiweni kwa vijana wa bodaboda, nikamkuta mmoja wao amekaa kwenye benchi, mguu wa kushoto umefungwa hogo mpaka gotini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umepatwa na nini?"

Akaangalia chini. Wenzake ndio waliojibu: "Walikuwa wanapima mashine, mzee."

Kupima mashine, kwa lugha ya pale kijiweni, ni kushindana. Wawili wanatoka juu ya mlima, dau ni kreti la soda, na atakayefika kwanza darajani ndiye mshindi. Barabara yenyewe ni ya vumbi, ina kona na makorongo, na saa hiyohiyo wanapita wanafunzi, mbuzi, na mama aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani. Huyu wa hogo alikutana na mbuzi. Namshukuru Mungu kwamba hakukutana na mwanafunzi. Pikipiki si yake, ni ya tajiri, na hesabu inadaiwa kila wiki kama kawaida.

Ilinipasa niwagombeze, na niliwagombeza. Nilipomaliza, mmoja akaniuliza: "Mzee, kwani mashindano ya vyombo vya moto ni ya nani?" Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kujua. Basi leo napenda tulizungumzie swali hilo, na naomba turudi nyuma mpaka mwaka 1964.

Sisi tuliokuwa watoto miaka hiyo tulikuwa na jibu tayari. Mashindano yalikuwa ni Safari. Yalianza mwaka 1953, wakati wa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na magari yalikimbia katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakawa yanafanyika kila Pasaka, maana Pasaka ni wakati wa masika na waandaaji walitaka matope. Waliyapata. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika saba. Kule kwetu tuliyasikia tu kwenye redio ya betri ya mwalimu mmoja, tumejazana dirishani, tukibishana nani atakwama wapi, ilhali hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda gari dogo.

Pasaka ya mwaka 1964 alishinda Peter Hughes kwa gari aina ya Ford Cortina. Lakini jina lililotuingia vichwani ni la mwaka uliofuata, 1965: Joginder Singh. Huyu alikuwa Kalasinga wa Kenya, mzaliwa wa Kericho, fundi magari na mtoto wa fundi magari. Alichukua Volvo iliyokwisha kutumika, akaenda na mdogo wake, wakapangiwa namba moja, na kwa kuwa waliotangulia huikuta njia haijachimbwa na wenzao, wakapita vizuri na kushinda kwa zaidi ya saa nzima. Makampuni makubwa ya Ulaya yalikuwa yameleta magari mapya na madereva wa kulipwa. Wote walimwona mgongo.

Si Joginder peke yake. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, kwa Peugeot 404. Tangu 1953 mpaka 1971 ushindi ulibaki kwa madereva wa Afrika Mashariki, na ni mwaka 1972 tu ndipo mgeni kutoka ng'ambo, Hannu Mikkola wa Finland, alipovunja mwiko huo. Siri yake si ngumu. Njia ile ilitaka mtu anayeijua, anayeweza kuliangalia dimbwi na kukadiria kina chake, anayeweza kufunga springi iliyokatika kwa kamba akaendelea na safari.

Hapo ndipo kijana wa Keza anaponishika. Nani anayejua matope kuliko yeye? Yeye anapakia abiria wawili na gunia la maharage, anapanda mlima wa utelezi usiku, mvua inanyesha, taa ya mbele ina kichaa. Wale washindi wa Safari tuliowashangilia walikuwa Wazungu na Wahindi, watu wenye gereji, maduka ya magari au mwajiri wa kuwagharimia. Mwafrika wa kijijini kazi yake ilikuwa ni kusukuma gari lililokwama, akatupiwa shilingi. Hata ilipofika mwaka 1974 mashindano yakabaki ndani ya Kenya pekee, sisi wa Ngara hatukupoteza kiti, kwa sababu hatukuwa nacho. Tulipoteza kelele za redio.

Nisieleweke vibaya. Siwalaumu washindi, Joginder alikuwa fundi wa kweli. Nasema kwamba tulikuwa na kilele cha mlima bila njia ya kupandia.

Sasa, msikilizaji, twende Uingereza, mwaka uleule wa 1964, kwa sababu huko nako kulikuwa na ugomvi juu ya jambo hilihili, nao ulihusu pikipiki.

Waingereza wana mchezo unaoitwa spidwei. Ulitoka Australia, ukaingia kwao mwaka 1928. Wanakimbia waendeshaji wanne kwa mara moja, kwenye uwanja wa mviringo wenye udongo, mizunguko minne, wote wakizunguka kwa kushoto. Wa kwanza anaipatia timu yake pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho anarudi mikono mitupu. Dakika moja na ushei, mchezo umekwisha, wanaingia wengine wanne. Na pikipiki zenyewe hazina breki. Sisemi breki mbovu, hizo tunazo sisi. Nasema hazikufungwa breki kabisa, kwa makusudi. Watu wanne wakienda bega kwa bega, mmoja akishika breki ghafla, aliye nyuma atamkanyaga. Kwa hiyo wanapunguza mwendo kwa kulaza mashine na kuliacha gurudumu la nyuma liteleze kando, huku mguu wa kushoto, uliovikwa kiatu cha chuma, ukiburuzwa chini. Kijana yeyote wa Keza ameshateleza hivyo mara mia, ila yeye hakupenda.

Baada ya vita kuu ya pili mchezo ule ulijaza viwanja kupita kiasi. Kisha ikaja kodi ya burudani, ikaja televisheni, na watu wakabaki majumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilibaki ligi moja tu, na viwanja vingi vilikuwa vimefungwa milango. Yapo mambo mengi yanayoua mchezo, na mojawapo ni hilo la kubakiza wakubwa peke yao. Kijana anayeanza atajifunzia wapi, ikiwa timu zilizopo zinataka mtu aliyekwisha kujua?

Mwaka 1960 waandaaji wachache wakafungua upya viwanja vya mikoani na kuunda ligi yao ya daraja la pili, wakaiita Provincial League, yaani ligi ya mikoa. Zilianza timu kumi. Wapo walioicheka, kwamba ni ligi ya vijana wasiojua na wazee waliochoka. Lakini watu wa miji ile walitaka timu yao wenyewe, wakaja. Baada ya miaka michache daraja la pili likawa na timu nyingi kuliko la kwanza.

Ndipo wakubwa walipogeuka. Mwisho wa mwaka 1963 timu moja ya daraja la kwanza, Southampton, ilifungwa, na ligi ya juu ikabaki na timu chache. Bodi ya mchezo ikataka Wolverhampton, mabingwa wa daraja la pili, wapande wakajaze pengo. Wolverhampton wakakataa. Waliona huko juu gharama zitawamaliza, na wenzao wakawaunga mkono. Matokeo yake msimu wote wa 1964 ligi ya daraja la pili iliendeshwa bila kibali cha bodi. Waliitwa maharamia, na waendeshaji wao walifungiwa kushiriki mashindano makubwa, yakiwemo yale ya ubingwa wa dunia.

Fikiria hali hiyo. Kijana ana mashine yake, anaishughulikia mwenyewe mchana, jioni anashindana, na anaambiwa akiendelea na timu yake atakuwa amejifungia mlango wa dunia. Hata hivyo msimu haukufa. Newcastle ndio waliotwaa ubingwa, na nyota wao alikuwa Ivan Mauger.

Huyu Mauger nataka mumjue. Alitoka New Zealand mwaka 1957, akiwa hajafikisha miaka 18, akajaribu bahati katika klabu kubwa ya Wimbledon, London. Hakufaulu. Akarudi kwao. Mwaka 1963 akaja tena, na safari hii hakwenda London, alishukia daraja la pili, Newcastle. Akawa bingwa wa waendeshaji wa ligi ile mwaka 1963, na mwaka 1964, katikati ya ule ugomvi, akawa bingwa tena. Baadaye alipata ubingwa wa dunia mara sita, wa kwanza mwaka 1968 na wa mwisho 1979. Kama ile ligi ya kuchekwa isingekuwepo, sioni mlango gani mwingine angeupitia.

Ugomvi wenyewe ulimalizwa na uchunguzi ulioongozwa na mwanasheria Lord Shawcross. Mwaka 1965, mwaka ule wa Joginder, daraja zote mbili ziliunganishwa kuwa ligi moja ya timu 18. Wengine wangeridhika hapo. Lakini mwaka 1968 walikuwa wameshaunda upya daraja la pili, maana waliona vijana wanaoanza wamekosa tena pa kuanzia.

Wapo watakaosema nachochea vijana wavunjike miguu. Vijana wanavunjika tayari, msikilizaji, tena katika barabara anayopita mtoto wa shule. Wengine watasema Kenya na Uganda wana viwanja vya mbio za pikipiki. Ni kweli, Nairobi kuna Jamhuri na karibu na Kampala kuna Busiika. Ila mashine za kule zina bei ambayo mwendesha bodaboda hawezi kuifikia hata akiuza shamba la kahawa la baba yake. Hicho nacho ni kilele. Mimi nazungumzia kiwanja cha udongo kilichozungushiwa uzio, mashine zilezile za kazini, kofia ngumu, mganga wa zahanati amekaa pembeni na sanduku lake, na timu ya Keza ikicheza na timu ya Biharamulo Jumapili alasiri.

Siku moja kabla ya kuondoka nilirudi kijiweni nikawasimulia yote haya, maharamia, Mauger, na breki zisizokuwepo. Walicheka sana juu ya breki. Yule wa hogo hakucheka. Aliniuliza: "Mzee, hao wa daraja la pili, mguu ukivunjika, hesabu ya tajiri analipa nani?"

Nikamwambia kule wana mfuko wa kuwasaidia waendeshaji walioumia, na kwamba wengi mashine huwa ni zao wenyewe. Akatikisa kichwa, akaanza kuhesabu kwa vidole. Hogo litatolewa baada ya wiki nne, akasema, na deni lake kwa tajiri litakuwa limefika wiki sita.